Kidonda kimoja, wauguzi watano, majibu matatu: vidonda vya kulalia tunavipima kwa macho ya nani?

Sista wa Zamu

Wakuu, habari za jioni. Wauguzi wenzangu na nyote mliowahi kuuguza mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, sogezeni viti. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma ashuke moja kwa moja kwenye maoni.

Niko wodi ya majeruhi, Tabora. Hospitali siitaji, mji wenyewe huu ukipiga chafya Isevya wanakuombea afya Ipuli.

Mwezi uliopita tulimpokea mzee mmoja mrina asali. Alikuwa juu ya mti anashusha mzinga, tawi likamkatikia, akatua kwa mgongo, na tangu hapo miguu haina habari. Kabla ya kufika kwetu alishalala chali siku kadhaa, kwa hiyo kidonda alikuja nacho, pale chini ya kiuno, juu kidogo ya mfereji wa makalio. Zamu ya usiku wakaandika "steji ya 2" (steji ni ngazi ya kidonda kimefika kina gani). Asubuhi mwenzangu akaandika "steji ya 3". Aliyepokea jioni akaandika "haipimiki". Siku moja, kidonda kimoja. Daktari kwenye raundi akafunua faili akauliza swali la kawaida tu: kinapona au kinazidi? Tulitazamana kama watoto walioulizwa nani kala sukari.

Hilo likanikera. Kesho yake nikawaomba wenzangu watano, mmoja mmoja, waangalie, kila mtu aandike steji yake kwenye kikaratasi akikunje, asimwoneshe mwenzake. Wawili wakaandika 3. Wawili wakaandika haipimiki. Mmoja akaandika 2. Wote wana leseni, wote si wavivu, na huyo wa 2 ndiye aliyenifundisha mimi kutoa drip.

Badala ya kubishana nani kasoma vizuri, nikawauliza kila mmoja alivyoangalia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kueleweka. Wa steji ya 2 aliangalia umeme ukiwa umekatika, kwa tochi ya simu, amesimama miguuni mwa kitanda. Wale wa haipimiki walifunua gozi wakaona njano tupu, wakafunika. Wale wa 3 walikuwa wamesafisha kwanza.

Ikabidi tusafishe tena, wote tukiwa tumezunguka kitanda. Mzee tukamlaza ubavu, nikamimina salaini ya uvuguvugu taratibu. Ile njano ikaanza kuyeyuka, ikatiririka kwenye taulo, rangi ya chai ya rangi. Mmoja akanusa, akasema, "Jamani, hii mbona asali?" Mke wa mzee, kimya, akaangalia dirishani. Kumbe mama wa watu kila usiku tukishapita anatoa kichupa chini ya kanga anampaka mumewe. Asali ya mumewe mwenyewe! Iliyobaki baada ya kusafisha ilikuwa njano nyingine, iliyoshika kama ukoko wa uji kwenye sufuria, haitoki kwa maji. Huo sasa ndio utando halisi wa nyama iliyokufa, na ulikuwa umeshika robo tu ya kidonda. Pembeni yake tukaona punje punje ndogo zenye kung'aa, njano ya mafuta ya kuku. Nikaingiza kijiti cha pamba chini ya ukingo upande wa kichwani: sentimita mbili zikazama, na kijiti kinazunguka kutoka namba 12 mpaka namba 3, ukichukulia kidonda ni uso wa saa na 12 iko upande wa kichwa. Mafuta yanaonekana, kina kinaonekana, mfupa hauonekani. Steji ya 3. Na hapo hakuna aliyebisha, hata yule wa 2.

Kwa wasio wa kada, kwa kifupi. Steji ya 1 ngozi ni nzima, ila kuna alama ambayo ukiibonyeza haififii. Ya 2, ngozi ya juu imetoka, kidonda ni cha juujuu, kibichi, chekundu au cha waridi, au ni lengelenge la maji. Ya 3 unaona mafuta yaliyo chini ya ngozi. Ya 4 umefika kwenye msuli, kano au mfupa. Kisha kuna viwili visivyo na namba: kilichofunikwa na utando au gamba hadi chini yake hupaoni, hicho ndicho hakipimiki, na jeraha la ndani, ambapo ngozi inageuka zambarau iliyokolea, pengine haijapasuka, lakini ubaya uko chini yake.

Ugomvi wetu mwingi unakaa kati ya 2, 3 na "haipimiki", na mwingi wake si wa elimu. Ni kwamba hatuangalii kitu kilekile. Mmoja anapima asali, mwingine anapima giza, mwingine anapima dawa ya zambarau tuliyompaka jana, ambayo ikishakauka hata Mungu akitaka kuona rangi ya nyama atasubiri. Wodini kwenu mnafanyaje? Nawasilisha.

Mtoto wa Urambo

Naweka kambi hapa. Ila sista, asali ya Tabora imewakosea nini? Duniani kote wanaisifia kwa vidonda.

Sista wa Zamu

Mkuu, asali haijanikosea, hata chai yangu naipiga nayo. Inayotumika hospitalini kwa vidonda ni ile iliyosafishwa kwa mionzi, kwa sababu asali mbichi inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambazo huzioni wala huzionji. Ya kichupa cha chini ya kanga siijui imepita wapi. Na kwenye uzi huu kosa lake kubwa ni kwamba imevaa rangi ya utando.

Patroni Mstaafu

Mwangaluka, binti. Nimefanya kazi hii tangu enzi za kuchemsha sindano, acha niongeze jambo ambalo vitabu vinalipita mbio.

Kwenye mafaili ya wodi nilizosimamia, steji ya 1 karibu haipo. Ukisoma ungedhani watu wetu wanaamka tu asubuhi wakiwa na steji ya 2, kama mvua ya ghafla. Si kweli. Steji ya 1 ilikuwepo, hatukuiona, kwa sababu tumefundishwa kutafuta wekundu. Ngozi ya mzee wa Sikonge aliyechomwa na jua miaka 60 haikupi wekundu. Inakupa weusi uliozidi kidogo, au mng'ao, au haikupi kitu kabisa machoni.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Nageuza mkono, natumia mgongo wa vidole, nagusa penye mfupa kisha nagusa pembeni, penye ngozi salama. Pana joto zaidi? Au pamepoa zaidi? Pagumu kama ubao, au pamelegea kama embe lililogongwa? Nambonyeza, namuuliza panauma? Kisha nalowesha ngozi kidogo kwa maji, nasogea dirishani au namulika kwa ubavu, si kwa kutazamana nayo uso kwa uso. Embe lililogongwa nje ni zima, dole gumba ndilo linakwambia. Mtu aliyekulia Tabora hahitaji semina kwa hilo.

Na neno lenyewe linatuponza. Tukisema "kidonda", ndugu wa mgonjwa anatafuta shimo. Asipoliona anasema hana kidonda, na nesi mchanga naye anaandika hana. Mwaka 2016 jopo la Marekani linaloshughulika na mambo haya liliacha neno la kidonda, likachukua jeraha, na likaacha namba za Kirumi, kwa sababu steji ya 1 na jeraha la ndani ngozi haijafunguka. Kiswahili tuna "jeraha la mgandamizo" limekaa tu, hatulitumii.

Zamu Mbili

Samahani wakuu, mimi nitakuwa mkorofi. Nina wagonjwa 40, tuko wawili, glavu zimebaki boksi moja na mpira wa mkojo ndugu kaenda kununua nje. Wewe unaniambia nisimame namulika kidonda kwa ubavu nikitafuta punje za mafuta. Kidonda cha kulalia dawa yake ni kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, visigino vikae hewani, ale, akauke. Iwe 2 iwe 3 nitamgeuza hivyohivyo. Hizo namba ni za watu wa semina na posho.

Kaliua Moja

Mkuu Zamu Mbili umesema ya moyoni kwangu. Kwetu kila kidonda ni steji ya 2. Hata ukileta jino.

Sista wa Zamu

Zamu Mbili, sikupingi kwenye kugeuza. Namba haimponyi mtu, mikono ndiyo inamponya. Lakini yule mzee tulimgeuza siku zile zote na kidonda kina mfuko wa sentimita mbili ambao hakuna aliyejua upo. Usipojua kuna mfuko unafunga juu, usaha unabaki ndani. Ukiandika 2 kwenye kitu ambacho ni 4, daktari hatafikiria kwamba mfupa umeingiliwa na vijidudu, kwa hiyo hataagiza vipimo wala dawa ya muda mrefu. Na ukiandika "haipimiki" kwenye kisigino chenye gamba jeusi, kavu, lililoshika vizuri, lisilo na usaha wala wekundu pembeni, ni sawa kabisa, na lile gamba unaliacha. Asiyelijua analichokonoa.

Sikuombi usimame nusu saa. Nakuomba usipime kabla hujasafisha. Kusafisha unasafisha hata hivyo, si ndiyo?

Zamu Mbili

Hapo kwenye kusafisha kwanza nimekuelewa. Glavu je?

Sista wa Zamu

Glavu mkuu tumuulize mhasibu.

Hesabu Tupu

Mimi si muuguzi, nafanya kazi za takwimu, nimevutwa na vile vikaratasi vilivyokunjwa. Kuna mtego ambao watu wanaangukia wakisema "tulikubaliana asilimia fulani".

Tuseme wewe na mwenzako mmeangalia vidonda 20, mmekubaliana 14. Asilimia 70, mtapeana mikono. Lakini kama kwenu ni kama kwa Kaliua Moja, kila mtu ana mazoea ya kuandika 2, hata mngeandika mkiwa mmefumba macho mngekubaliana, tuseme, 10. Hizo 10 ni mazoea. Zilizobaki za kugombewa ni 10, na kati yake mmepata 4. Nne kwa kumi ni 0.4, na hiyo ndiyo wanayoiita kappa, aliyoileta Jacob Cohen mwaka 1960. Mwaka 1977 Landis na Koch wakaipangia ngazi: 0.4 yenu iko kwenye ngazi ya "kiasi tu", na ili muitwe mnakubaliana vizuri mfike walau 0.61. Ngazi zenyewe wamejipangia tu, msizichukulie kama sheria ya trafiki, lakini zinasaidia kuacha kujidanganya.

Kuna pia kappa ya mizani, anayepishana 2 na 3 haadhibiwi sawa na anayepishana 1 na 4. Ila nimekwama kwenye "haipimiki" yenu. Kwenye foleni mnaiweka wapi? Si kubwa kuliko 4, si ndogo kuliko 3. Mkiipa namba 5 mmeharibu hesabu.

Na tafadhali msifanye hili zoezi kwa picha za WhatsApp. Achilia mbali siri ya mgonjwa, picha huwezi kuibonyeza.

Mtoto wa Urambo

Wakuu naomba kuuliza la nyumbani. Mama yangu alipata kiharusi, tuko naye huku kijijini, anavaa pampasi. Sasa hivi makalioni pamebabuka, ngozi inatoka, panamuuma sana akijisaidia. Hii ni steji ya ngapi?

Sista wa Zamu

Pole sana ndugu yangu, mpe mama pole. Bila kumwona siwezi kukupa jibu, na inawezekana kabisa si steji yoyote. Hili ndilo linalotuchanganya hata sisi, wengi wanaliandika steji ya 2. Angalia hivi: pamebabuka pande zote mbili, kushoto na kulia kama kioo na mwenzake? Kingo hazieleweki, zimesambaa kama maji yaliyomwagika kwenye ramani? Ni ya juujuu, haina njano wala weusi, na iko kwenye mikunjo kuliko penye mfupa? Basi yaelekea ni ngozi iliyochomwa na mkojo na choo. Kama ni duara moja lenye ukingo, limekaa juu ya mfupa, huo ni mgandamizo. Wakati mwingine yote mawili yapo kwa pamoja.

Vyovyote vile: pampasi isikae, msafishe kwa maji bila kusugua, mkaushe kwa kugandamiza kitambaa, mpake mafuta mazito ya kukinga, na asilalie upande mmoja kutwa. Kisha mpeleke kituo cha afya wamwone. Pakianza kunuka, kutoa usaha, kuwa peusi, au mama akipata homa, usisubiri siku ya kliniki.

Mtoto wa Urambo

Ni pande zote mbili, kama ulivyosema. Ahsante sana dada. Kesho nampeleka.

Intani wa Juzi

Nami nikiri dhambi yangu. Wiki ya kwanza wodini niliambiwa nijaze Braden, ile fomu ya alama za hatari ya kupata kidonda cha kulalia, kwa mgonjwa mpya. Akapata 9. Nikamwambia sista inchaji kwa furaha, "huyu hana shida, kapata kidogo". Alinitazama mpaka leo nasikia baridi. Braden inaenda kinyume: inaanzia 23 kushuka mpaka 6, na kuanzia 18 kwenda chini mgonjwa yuko hatarini. Tisa maana yake ni hatari kubwa sana.

Patroni Mstaafu

Hukukosea peke yako, kijana. Norton ya mwaka 1962 nayo kadiri namba inavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda. Waterlow ya 1985 ni kinyume chake, namba ikipanda ndiyo hatari. Muuguzi aliyehamia kutoka hospitali inayotumia hii kwenda inayotumia ile, lazima agonge ukuta siku ya kwanza. Na zote tatu zinapima hatari ya kupata jeraha. Hazikwambii jeraha lililopo ni steji ya ngapi. Nimeona faili limeandikwa "Braden steji ya 3", nikalifunga nikaenda kunywa maji.

Kingine kinachonichoma: kurudisha namba nyuma. Mgonjwa alikuwa 4, kimejaa nyama nyekundu, mtu anaandika 3, wiki ijayo 2. Hapana. Ile nyama iliyojaa si msuli uliorudi wala mafuta yaliyorudi, ni kovu linalojengwa. Unaandika "steji ya 4, inapona". Kama unataka kuonesha kinapungua, pima urefu kutoka kichwani kwenda miguuni, upana ukiukata huo urefu, na kina kwa kijiti, uandike sentimita.

Kaliua Moja

Duh. Huyo wa kurudisha nyuma ni mimi kabisa. Nilidhani namtia moyo mgonjwa.

Sista wa Zamu

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Tulibandika kikaratasi kwenye toroli la kufungia vidonda, maneno manne tu: safisha, mulika, gusa, andika. Juzi tumerudia zoezi la vikaratasi kwa kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta, kisiginoni ametoka lengelenge. Wauguzi watano tena. Wanne wakaandika steji ya 2, lengelenge, basi. Nikafurahi. Nikamkumbuka Hesabu Tupu, nikasema leo kappa itapasua paa.

Kikaratasi cha tano kilikuwa cha intani, si huyu wa humu, mwingine, binti mpole asiyesikika hata akiitikia salamu. Ameandika "jeraha la ndani". Nikamuuliza kwa nini. Akasema alimulika kwa ubavu, maji ya ndani ya lengelenge hayakuwa maangavu, yalikuwa meusi, ni damu. Na alipogusa kuzunguka pale palikuwa pamepoa na pamelegea kuliko kisigino kingine. Sisi wanne tulimulika pia, ila tulishaona lengelenge, na lengelenge ni 2, tukaacha kuangalia.

Lenye maji ni 2. Lenye damu ni jeraha la ndani. Nalijua hilo, nimewafundisha wanafunzi hilo. Siku ya nne kisigino chote kikawa cheusi.

Hesabu Tupu

Kwa hiyo mlikubaliana vizuri kabisa kwenye jibu la kosa. Kappa haina dawa ya hiyo, sista.

Sista wa Zamu

Haina. Sasa tumebadilisha kidogo: anayepishana na wengine ndiye anayeanza kuzungumza, na sote tunarudi kitandani naye kuangalia tena. Jana alikuwa mimi, na nilikuwa nimekosea.

Zamu Mbili

Na yule mzee mrina asali?

Sista wa Zamu

Yupo. Steji ya 3, inapona, na ule mfuko umebaki nusu sentimita. Tumemfundisha mkewe kumgeuza, anamgeuza kuliko sisi, na saa anaziangalia.

Mtoto wa Urambo

Na kichupa cha asali?

Sista wa Zamu

Kiko kwenye kabati la inchaji. Kila zamu kinapungua na hakuna anayeandika.